Kufunga kamera kwenye darubini: cha kununua kwanza ukiwa Mbeya au Iringa

Kabla hujatoa hela, chomoa lenzi ya macho (ile unayochungulia) kwenye darubini yako uipime kwa rula upande unaoingia kwenye mrija. Ikiwa na upana wa milimita 31.7 hivi, vifaa vingi vya hapa chini vitaingia. Ikiwa 24.5, darubini yako ni ya kizamani au ya kuchezea. Ishia namba moja. Nimepanga kwa kuangalia utakachopata kwa kila shilingi, si uzuri wa picha peke yake.

1. Kishikio cha simu

Anza na hiki, hata kama una kamera kubwa nyumbani. Kinabana lenzi ya macho upande mmoja na simu upande wa pili. Usikichanganye na kile cha tripodi ya kujipigia selfi utakachokikuta kwenye maduka ya simu Mwanjelwa. Hicho hakina taya za kubana lenzi. Cha plastiki chenye skrubu moja kiache. Simu za sasa zina kamera mbili tatu nyuma, na usipoweza kuisogeza juu, pembeni na mbele, Mwezi utakukimbia kila ukigusa kioo. Chukua chenye marekebisho pande zote tatu, na uulize taya zinapanuka hadi milimita ngapi.

Tumia lenzi ya milimita 25 au 20, si ile ya 6 wanayoitia kwenye boksi kwa mbwembwe. Vua kava, weka taima ya sekunde 3. Mashimo ya Mwezi yatatoka vizuri; Mshtarii utampata na miezi yake minne mikubwa, ila mistari yake ni kwa bahati. Jua usiliguse bila kichujio cha kufunika mdomo wote wa darubini mbele. Kile kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya macho hupasuka kwa joto: kitupe.

2. Kamera ndogo ya sayari

Inaingia palepale pa lenzi ya macho, waya unakwenda kwenye laptopu. Kwenye darubini yenye urefu wa fokasi (umbali toka lenzi au kioo kikuu hadi taswira inapotua) wa milimita 900, taswira ya Mshtarii ina upana wa milimita 0.2 tu, hivyo sensa kubwa (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga) haikusaidii kitu. Kinachotakiwa ni video. Unarekodi maelfu ya fremu, kisha programu ya bure kama AutoStakkert inachagua zilizotulia na kuzipanga pamoja. Nunua ya rangi. Kwa wapenda sayari, mimi naiweka juu ya DSLR, ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, bila kusita. Kero yake ni umeme: baridi ya Kitulo mwezi wa saba hunyonya betri ya laptopu upesi.

3. DSLR na pete ya T

Kama kamera unayo tayari, pete ya kuiunganisha na darubini ni rahisi: ya Canon au ya Nikon, mradi nyuzi zake ziwe M42 × 0.75. Zile za M42 × 1 ni za lenzi za zamani, na kwa macho zinafanana kabisa. Lakini darubini nyingi za kioo cha kuakisi za bei nafuu hazifikishi fokasi ndani ya kamera mpaka uongeze lenzi ya Barlow (ya kurefusha fokasi), na mrija wa plastiki hulegea kwa uzito huo.

4. Stendi ya ikweta yenye mota

Mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya mbingu, kisha mota huizungusha darubini ifuate nyota. Ndiyo inayofungua nebula (mawingu ya gesi angani) na galaksi, na ndiyo ninayokuomba uisubirishe. Ncha ya kusini ya mbingu iko juu ya upeo kwa digrii 8 hivi Iringa na 9 hivi Mbeya, mara nyingi nyuma ya mlima au moshi wa mashamba yanayochomwa. Nyota yake, Sigma Octantis, ni hafifu, na ile ya kaskazini huku haionekani. Zaidi ya hapo, stendi nyingine hazishuki chini ya digrii 15 au 20, na hata zinazoshuka, fimbo ya uzito wa kusawazisha darubini inaweza kugonga mguu wa tripodi. Muulize muuzaji latitudo ya chini kabisa, akisita, usilipe. Wakati unasubiri, kamera yenye lenzi ya milimita 18 juu ya tripodi ya kawaida, shata wazi sekunde 15, inatosha kwa Njia Maziwa, kwa kuwa kitovu chake hupita karibu utosini mwetu jioni za Julai na Agosti.