Kaunta buku ya kwaya mbili kwa anayeanza kuandika hadithi

Ukiingia steshenari za karibu na stendi ya Moshi ukasema unatafuta daftari la kuandikia hadithi, unaweza kuoneshwa lile zuri lenye jalada la ngozi bandia. Liache. Chukua kaunta buku ya kwaya mbili: kurasa 192, jalada gumu, unaiweka mapajani ndani ya Hiace na mwandiko unasomeka. Ya kwaya nne ina kurasa 384, ni mzigo, na anayeanza akiiangalia anakata tamaa.

Kabla hujalipa, ifungue katikati. Uzi uwe umekaza. Ukilegea, kurasa za hapo ndizo huchomoka kwanza.

Udhaifu wake ni karatasi. Ni nyepesi, kalamu ya jeli inapenya hadi upande wa pili, kwa hiyo tumia bolipeni ya kawaida. Na usichane ukurasa hata ukiuchukia: kila karatasi imekunjwa na kushonwa kwenye mkunjo, ukichana nusu moja, nusu ya pili inabaki haina kishikilio. Piga mstari, endelea.

Andika hadithi ukurasa wa kulia. Wa kushoto uwe wa maswali: mhusika anataka nini leo, kinachomzuia ni nini, akikosa anapoteza nini? Tuseme konda amepewa bahasha aifikishe Mbuyuni kabla soko halijafungwa, na njiani anagundua imeshafunguliwa. Anza hapo hapo, bahasha ikiwa mkononi. Wengi huanzia kuzaliwa kwake, ukoo, shule aliyosoma, na kurasa tatu zinaisha konda hajapanda hata gari. Hayo yahamishie kushoto. Mengi hutayahitaji, na machache yatapata nafasi yake konda akishabanwa.

Mstari wa kwanza nao una mtego wake hapa kwetu: "Jua lilichomoza nyuma ya Mlima Kilimanjaro." Moshi mjini mlima uko kaskazini! Msomaji wa Majengo atacheka, na akishacheka hata bahasha hataiamini. Mwandikie anachokijua: utingo anagonga bodi mara mbili, gari linaondoka.

Kwa mwandiko wa kawaida ukurasa unabeba maneno kama 250. Hadithi fupi ya maneno 2,000 itakula kurasa nane za kulia, hivyo buku moja inatosha hadithi 12. Au sita, kila moja ikiandikwa mara mbili, na hii ndiyo hesabu ya kununulia.

Jalada halipatani na mvua za masika. Pembe hulowa na kufumuka. Livishe kava la nailoni, lile la madaftari ya watoto wa shule.