Kapasita ya regyuleta imekufa: uweke ya elektroliti au ya seramiki?
Kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) ya upande wa kutokea wa regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ikivimba kichwa, volti hutetereka, na fundi hubaki na swali la aina ya kurudishia.

Kwa bei, elektroliti ya maikrofaradi 100 ni nafuu. Kwa umri, seramiki inashinda: haina majimaji ya kukauka, ilhali elektroliti hupoteza takriban nusu ya maisha yake kila joto linapopanda nyuzi 10. Ila seramiki hupasuka bodi ikipinda.

Uthabiti ndipo wengi hukosea. Regyuleta ya LM1117 hutegemea ukinzani wa ndani wa kapasita, omu 0.3 hadi 22. Seramiki huwa chini mno ya hapo, na regyuleta inaweza kuanza kutetema, yaani volti yake kupanda na kushuka yenyewe. Regyuleta ya 7805 haina masharti hayo. Tena seramiki ya daraja la X5R hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuhifadhi chaji ikikaribia kikomo chake cha volti. Kwenye volti 5, weka yenye kikomo cha volti 10 au 16.

Kwa hiyo soma kwanza karatasi ya data. Ikiruhusu seramiki na kifaa hukaa kwenye joto, weka seramiki. Kwa LM1117, weka elektroliti inayostahimili nyuzi 105, mbali na bamba la kupoozea, ukihakikisha chanya na hasi hazijageuzwa.