Ngome ya Nakhal, Oman: panda asubuhi, na utazame jabali

Wageni wengi wa Oman huishia Muscat na Nizwa. Mimi nawaomba mfike Nakhal. Kutoka Muscat ni mwendo wa saa moja na ushee kwa gari: unafuata barabara ya pwani ya Batinah, unakata kona Barka kuelekea bara, na baada ya tambarare kavu milima ya Hajar inakusimamia mbele. Ngome imekaa juu ya jabali chini ya milima hiyo, na mashamba ya mitende yameizunguka.

Asili yake ni ya kabla ya Uislamu. Katika karne ya 17 maimamu wa Ya'ariba, ukoo uliotawala Oman wakati huo, waliijenga upya. Mwaka 1834 ukuta na lango vilijengwa zama za Sayyid Said bin Sultan, yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja na kuzikwa huko. Mwaka 1990 ikakarabatiwa tena kwa vifaa vya jadi.

Mimi kilichonishika ni jabali lenyewe. Hakuna aliyelisawazisha. Unapanda ngazi, mara mwamba umechomoza kando yako, na ukuta umepinda kuufuata. Ndiyo maana ngome haina pembe za mraba. Ukishaliona hilo, unaelewa kwamba wote waliojenga hapa, imamu hata sultani, ramani yao ilikuwa moja tu, na hawakuichora wao. Niliweka kiganja mahali plasta inapoishia: plasta ilikuwa na joto la jua, jiwe lililo kivulini chini yake bado la baridi.

Usipite haraka kwenye ghala la tende. Sakafuni kuna mifereji midogo. Magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine, uzito wake ukazikamua zenyewe, na asali ikachuruzika taratibu hadi kwenye chombo. Siku za amani ilikuwa chakula. Siku za vita ilichemshwa na kumwagiwa adui kupitia tundu la juu ya mlango. Ukiwa mlangoni inua macho, utaliona hilo tundu, na mwili utakusisimka.

Vyumba vya juu vimetandikwa mazulia na mito, madele ya kahawa yamepangwa, na madirisha yako chini kiasi kwamba ukikaa sakafuni upepo unakupiga usoni. Palinifurahisha sana pale alipokuwa akibarizi liwali. Sisi wa Mwambao cheo hicho tunakijua, maana masultani wa Unguja walikuwa na maliwali wao Mombasa na Lamu. Kukiona kwenye chimbuko lake kulinipa raha ambayo sikuitarajia.

Nimewasikia watu wakisema ngome imekarabatiwa mno, inang'aa kama mpya. Sikubaliani nao. Jengo la namna hii lisipopakwa upya linarudi kuwa kifusi, na watu wa Nakhal wamekuwa wakilipaka na kulijenga kwa karne nyingi. Ukarabati wa 1990 ni zamu nyingine tu katika kazi ileile.

Wenye wazee wajue kwamba ngazi ni za kupanda kwelikweli, nyingine ni nyembamba, na juu kwenye minara yenye mizinga kivuli hakuna. Miezi ya joto nendeni mapema sana. Novemba hadi Februari ndio wakati mzuri. Vaeni viatu visivyoteleza, na chukueni maji ya kunywa.

Mkishuka msirudi Muscat moja kwa moja. Endeleeni kidogo hadi Ain al-Thowarah, chemchemi ya maji ya moto inayotiririka kati ya mitende. Familia hukaa kando ya maji, watoto wakiogelea, kwa hiyo vaeni nguo za heshima na mbebe chakula chenu. Miguu iliyopanda ngome mkiitia humo mtakaa mpaka alasiri.