Taa ya luksi 10,000 kwa miezi ya giza: uzoefu wangu baada ya msimu mzima

Jamani leo niongelee hii taa ya mwanga mkali, zile zinazouzwa kama taa za tiba ya mwanga, mana najua tuko wengi tunaoishi nchi za mbali na ikweta ambao ikianza ile miezi ya baridi yenye siku fupi unaamka giza unarudi giza, mwili mzito mpaka unajiuliza unaumwa nini. Kwangu ilikuwa usingizi usioisha, hamu ya wanga na sukari kila saa, na kutotaka kuongea na mtu yeyote, halafu siku zikianza kurefuka vyote vinaondoka vyenyewe bila dawa. Hiyo hali ina jina kabisa, ni sonona ya msimu, yaani huzuni nzito inayokuja na kuondoka na msimu, daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani waliielezea tangu 1984, kwa hiyo kama unaipata usikubali mtu akwambie ni uvivu.

Taa yenyewe ni bapa, ukubwa wa karatasi ya A4, ndani ni LED na mbele ina plastiki nyeupe inayosambaza mwanga usichome macho, imeandikwa kabisa kwamba haitoi miale ya UV (ile inayoweza kudhuru macho na ngozi), na hicho ni kitu cha kwanza kuangalia kabla hujatoa hela. Ina ngazi tatu za mwanga na kistendi cha nyuma.

Sasa jambo ambalo watu wengi wanapitwa nalo ni umbali. Kwenye boksi luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokufikia pale ulipo) imeandikwa kwa maandishi makubwa, ila ukifungua kijitabu cha ndani ndo unakuta ni kwa sentimita 20, yaani karibu na uso kuliko unavyodhani. Nilichukua simu yenye programu ya kupima mwanga (sio kipimo cha maabara lakini kwa kulinganisha inatosha), nikaishika usawa wa macho nikawa narudi nyuma taratibu, na ile namba inaporomoka mbele ya macho yako, ukizidisha umbali mara mbili mwanga unaokufikia unabaki kama robo au theluthi hivi. Na muda unaenda na ukali: kwa luksi 10,000 ni kama nusu saa, kwa luksi 2,500 inabidi ukae masaa mawili. Kwa hiyo mtu anayeiweka kule mwisho wa meza kwa nusu saa halafu anasema hizi taa ni utapeli, kiukweli dozi hajaipata.

Mimi naiwasha asubuhi nikishaamka tu, naiweka pembeni kidogo ya uso, siitazami moja kwa moja, nasoma meseji zangu au napanga kazi za siku huku macho yako wazi. Asubuhi ina sababu yake, kule nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa sio kuona picha, ni kuuambia ubongo kwamba kumekucha, na zikipata mwanga wa kutosha ubongo unakata melatonini, ile homoni ya usiku, na saa ya mwili inajipanga upya. Balbu za ndani hiyo kazi haziiwezi vizuri, sebule yenye taa nzuri tu ni luksi mia chache, wakati nje hata mawingu yakiwa yametanda unapata maelfu. Ndo mana siku nikiweza kutoka asubuhi kukiwa kumekucha natembea nje, ni bure na inasaidia kweli, taa naiachia zile asubuhi ambazo jua linachelewa kuliko mimi.

Matokeo hayakuja siku ile ile. Zile siku za mwanzo macho yalichoka na kichwa kiligonga kidogo, nikashusha ngazi ya mwanga kisha nikapandisha pole pole, ikaisha. Ilipofika kama wiki ya pili nikaanza kuona tofauti kwenye vitu vidogo vidogo, naamka kabla ya alamu, simu za ndugu napokea badala ya kuziacha ziite mpaka zikate, na nguo zikikauka zinakunjwa siku hiyo hiyo hazilali tena kwenye kiti. Mtu mwenye afya anaweza kuona hayo ni madogo, ila anayeijua hii hali anaelewa nasema nini.

Ila tuelewane, hii taa inang'arisha wewe, haing'arishi nyumba. Nyumba inataka kazi yake. Kwanza niliosha vioo vya madirisha ndani na nje na pazia nikazisogeza mpaka zisiguse kioo kabisa, na hapo peke yake chumba kilibadilika. Kisha nikaachana na ile tabia ya taa moja katikati ya dari, mana inaacha kona zote na giza, nikaweka taa ndogo sehemu tofauti tofauti, nyingine chini nyingine juu, moja nimeielekeza ukutani na kwa kuwa ukuta ni mweupe mwanga unarudi chumbani laini kabisa. Ukinunua balbu usihangaike na wati, soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga balbu inachotoa, lumeni 800 ndo sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60. Na soma kelvini pia, hiyo ni rangi ya mwanga, namba ndogo ni ya manjano na kubwa ni nyeupe: sehemu ya kufanyia kazi mchana naweka 4000 kwenda juu, jioni sebuleni ni 2700, ile ya manjano manjano inayotuliza. Ile taa ya luksi 10,000 jioni siiwashi hata kwa kusomea, mana mwanga mkali usiku unausogeza mbele usingizi na utakesha unahesabu mbao za dari.

Kasoro zipo. Kistendi kinateleza kwenye meza laini, nimekibandikia vipande vya mpira chini. Kebo ni fupi mno, kama soketi iko mbali andaa ekstensheni. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ukiizima haikumbuki ngazi uliyoacha, kila asubuhi inaanza na ile ya chini na inabidi uguse swichi tena na tena, kwa mtu ambaye bado ana usingizi hiyo ni kero ya kweli.

Kuna watu wasiinunue kabla ya kuongea na daktari na hili naliomba kwa moyo wote: mwenye bipola (ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana), mana mwanga mkali unaweza kumrusha upande wa kupanda, mwenye tatizo la macho hasa retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na anayetumia dawa zinazofanya mwili usivumilie mwanga. Na kama mawazo yamefika pa kukata tamaa ya kuishi usisubiri taa ikusaidie, nenda hospitali leo.

Mimi nyota nne kati ya tano, ile moja imeliwa na swichi na kebo. Ukienda kutafuta ya kwako sio lazima iwe kama yangu, ila muulize muuzaji hiyo luksi 10,000 ni kwa sentimita ngapi, akishindwa kukujibu na kwenye boksi hakuna, iache hapo hapo.