Vikapu vya Hesco: maoni ya dereva wa kijiko (mashine ya kuchota udongo) kutoka Bellevue, Nebraska, Marekani

Nampa Hesco nyota 4 kati ya 5. Askari waliopita kambi za AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia, Waganda, Warundi na Wakenya, hawahitaji kuelezwa ni kitu gani. Wamelala nyuma ya kuta zake. Kwa wengine: ni kikapu cha wavu wa chuma, ndugu yake gabioni (kile kikapu cha wavu kinachojazwa mawe), ila ndani kina kitambaa kizito kinachozuia mchanga usimwagike. Kinaletwa kimekunjwa bapa. Unakivuta kinasimama, unakiunganisha na mwenzake, kijiko kinamimina. Wengi wanadhani kilibuniwa kwa ajili ya risasi. Jimi Heselden, mchimba makaa wa zamani wa Leeds, Uingereza, alikibuni kwa ajili ya mmomonyoko na mafuriko. Jeshi lilikuja baadaye.

Mimi naendesha kijiko kwa mkandarasi wa kazi za udongo hapa Bellevue, jirani kabisa na kambi ya jeshi la anga ya Offutt, na maswali kuhusu vikapu hivi naulizwa sana. Basi wacha niseme ninachokijua.

Kipimo kinachotumika sana kina urefu wa mita 10, upana wa mita 1.06 na kimo cha mita 1.37. Piga hesabu: karibu mita za ujazo 14 na nusu za mchanga, yaani tani zaidi ya 20. Kampuni inadai watu wawili na kijiko kimoja wanamaliza kipande hicho kwa dakika 20, wakati ukuta wa namna hiyo kwa viroba vya mchanga ungetaka viroba 1,500 na watu 10 kwa saa 7. Mchanga ukiwa umeshamwagwa pembeni na ardhi ikiwa kavu, mimi siubishii huo muda. Ardhi ikishakuwa tope, dakika 20 zisahau, kwa sababu kijiko chenyewe kinazama kabla ya kikapu kujaa.

Maji nayo hayasimamishwi na kikapu kitupu. Yanapenya kwenye kitambaa, yanapita kwenye maungio, na zaidi ya yote yanachimba chini. Lazima utandike nailoni upande wa maji, uikunje ilale chini mbele ya ukuta, uikandamize kwa viroba. Kwa hiyo viroba bado unavihitaji. Weka na pampu upande mkavu, maana kuna maji yatakayopita tu. Na ukuta lazima ufungwe mwanzo na mwisho kwenye ardhi ya juu. Ukiacha pengo, umejenga bwawa upande usiotaka.

Sasa Offutt. Machi 2019 dhoruba kubwa ilileta mvua juu ya theluji wakati ardhi bado imeganda, haiwezi kunywa hata tone. Maji yote yakakimbilia mitoni: Elkhorn, Platte, Missouri. Wanajeshi na raia walijaza viroba zaidi ya 200,000 na mamia ya vizuizi vikubwa, usiku na mchana, kisha wakalazimika kuondoka. Theluthi moja ya kambi ilizama, pamoja na takriban futi 3,000 za njia ya kurukia ndege. Ofisi za kikosi cha ndege cha 55 (55th Wing) zikaharibika, na mitambo ya kufundishia marubani na wenzao wa ndani ya ndege pia. Lakini makao makuu ya STRATCOM, kamandi inayosimamia silaha za nyuklia za Marekani, yapo juu mlimani. Hayakuguswa.

Hapo ndipo nyota ya tano inapoondoka. Watu walifanya kazi ya kishujaa na vizuizi vilifanya vilivyoweza, ila hakuna kizuizi cha kubebwa kinachoshinda kimo cha ardhi. Hatari ilishaonekana wakati wa mafuriko ya Missouri ya 2011, na mpango wa kuinua matuta ya udongo kati ya kambi na mito ulikuwepo tayari. Ulikuwa unasubiri vibali na fedha. Baada ya 2019 matuta yaliinuliwa kwa takriban futi 2. Futi 2 tu! Mtu wa kawaida akilitazama tuta haoni tofauti, lakini sisi tunaosomba udongo tunajua futi 2 kwa maili nyingi ni foleni ya tipa isiyokwisha.

Majengo mapya nayo yamepangwa kwa makundi, na ardhi ya bondeni inainuliwa kwa kifusi na kushindiliwa tabaka kwa tabaka kabla ya msingi kuchimbwa. Gharama ya kuirudisha kambi ilikadiriwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. (Njia ya ndege iliyovunjwa na kujengwa upya mwaka 2021 hadi 2022, ndege zikahamia mji wa Lincoln, ni mradi mwingine: ilikuwa imechoka kwa umri. Watu wanachanganya.) Kazi hii ya kifusi naipenda kwa dhati. Haipigwi picha, ila ndiyo itakayowaacha watu wale wakavu.

Kaka mmoja mwenye ghala bondeni Jangwani, Dar es Salaam, ameniuliza kama aagize Hesco kabla ya masika. Jibu langu, kaka: agiza kama una kijiko cha kukodi kwa uhakika, mchanga umeshalundikwa karibu, na mstari wa ukuta umeshaupima hadi ardhi ya juu pande zote mbili. Ukikosa kimojawapo, hela hiyo nunulia kifusi, inua sakafu ya ghala.

Ukinunua, chukua aina yenye pini za kuchomoa. Maji yakishuka, unachomoa pini, wavu unafunguka na mchanga unabaki chini, kisha unaukunja na kuuhifadhi kwa mwaka mwingine. Aina isiyofunguka utaikata kwa mkasi wa chuma. Mchanga wenyewe usiupeleke kwenye bustani wala uwanja wa watoto, kwa sababu maji ya mafuriko hubeba kinyesi na mafuta ya magari, na kitambaa kinayashika yote.