Uzoefu wangu: kubeti mbio za farasi kwenye soko la watu kwa watu Uingereza

Wadau wengi walioko nyumbani huniuliza kuhusu mbio za farasi. Kwenye programu za kubeti wanaziona zimepangwa chini ya mpira, na hawajui waanzie wapi. Mimi naishi kaskazini-magharibi mwa Uingereza, huku mbio zipo karibu kila siku ya mwaka, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikibeti kupitia soko la kubeti, ambako watu hubetiana wao kwa wao, badala ya kampuni ya kawaida. Haya ndiyo niliyoyaona kwenye huduma hiyo. Soko ninalotumia sitalitaja kwa sababu simpigii mtu debe. Maarufu kuliko yote ni Betfair, lililofunguliwa mwaka 2000, na yaliyofuata yanakwenda kwa utaratibu ule ule.

Kwangu mimi soko la namna hii ni chombo bora kuliko vyote nilivyojaribu kwa mtu anayetaka kubeti farasi kwa akili. Halikuambii nani atashinda, ila linakuonyesha bei halali, na mwenye bei halali mkononi ana kitu cha kupimia maamuzi yake.

Tuangalie kwanza kampuni ya kawaida inavyokula. Chukua mbio za farasi sita wenye odi 2.5, 4, 5, 8, 10 na 10. Gawanya 100 kwa kila odi, utapata nafasi ya ushindi iliyofichwa ndani ya bei: asilimia 40, 25, 20, 12.5, 10 na 10. Jumla yake ni 117.5. Sasa mshindi ni mmoja, na nafasi za farasi wote kwa pamoja haziwezi kuzidi 100. Hiyo 17.5 iliyozidi ndiyo riziki ya kampuni. Wakikusanya pauni 117.5 kwa uwiano huo, watalipa 100 na kubaki na karibu asilimia 15 ya walichokusanya, ashinde farasi yeyote.

Watu wa mikeka, hapa ndipo panapowahusu. Makato ya asilimia 15 kwenye mbio moja yanauma, lakini ukiunganisha mbio nne kwenye mkeka mmoja makato yanazidishana: 0.85 × 0.85 × 0.85 × 0.85 inakupa 0.52. Maana yake karibu nusu ya thamani ya dau lako imekwenda kabla farasi hata mmoja hajatoka kwenye kizimba cha kuanzia mbio. Ndiyo maana farasi siwaungi kwenye mkeka. Kila mbio naitazama peke yake.

Kwenye soko hakuna kampuni inayokupangia bei. Ni kama mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, bei inatoka kwa waliosimama pale. Anayeamini farasi atashinda anaweka dau kwa odi anayoitaka, na anayeamini hatashinda anachukua upande wa pili. Soko linawakutanisha, kisha linakata kamisheni kwa aliyepata faida. Mimi nipo kwenye mpango wa asilimia 2. Dakika chache kabla ya mbio kuanza, zile asilimia nilizozijumlisha pale juu huwa 101 au 102 kwa farasi wote. Kutoka 117 hadi 102 si kitu kidogo. Kwa mtu anayebeti mara kwa mara, hiyo peke yake inaweza kuwa mpaka kati ya kupoteza taratibu na kubaki pale pale.

Ila bei nzuri bila maoni yako mwenyewe haikufikishi popote, kwa hiyo nieleze ninavyofanya kazi.

Naanza na kadi ya mbio, yaani orodha ya farasi watakaokimbia, na bei nazifunika. Kadi ina zile tarakimu mbele ya jina la farasi, kwa mfano 3-2107. Ya mwisho kulia ndiyo mbio yake ya karibuni. Tarakimu 1 hadi 9 ni nafasi aliyomaliza, 0 ni nje ya tisa bora, na kistari kinatenganisha mwaka na mwaka. Kwenye mbio za kuruka viunzi utakuta pia herufi: F ameanguka, U amemwangusha mpandaji, P amesimamishwa njiani. Mgeni huzisoma tarakimu hizi akaishia hapo. Tatizo ni kwamba kila mtu anaziona, kwa hiyo zimeshaingia kwenye bei. Kazi ni kujua kwa nini alimaliza wa saba.

Mfano ninaoupenda ni uwanja wa Chester, ambao kwa treni si mbali na kwangu. Mbio zilianza pale mwaka 1539, na hakuna uwanja unaotumika hadi leo Uingereza uliotangulia huo. Mzunguko wake ni maili moja na kidogo tu, na farasi wanapinda kushoto karibu muda wote. Kwenye mbio fupi za takriban mita 1,000, aliyepewa kizimba cha namba ndogo anakaa upande wa ndani na kukimbia njia fupi. Aliye kizimba cha kumi na kitu analazimika ama kutumia nguvu nyingi mapema ili aingie ndani, ama kukimbia nje kwenye kona nzima. Kila mbetiji wa huku analijua hilo, kwa hiyo ukikimbilia kizimba namba 1 pale Chester utakuta bei imeshabanwa. Faida yangu naitafuta wiki chache baadaye. Yule aliyemaliza wa saba kwa sababu alikuwa nje kabisa anakwenda kukimbia uwanja ulionyooka, kadi inaonyesha 7, na watu wanamkimbia. Huyo ndiye ninayemtafuta.

Uzito nao una mambo yake. Katika mbio za kusawazisha uzito, mamlaka ya mbio za Uingereza inampa kila farasi alama, na tofauti ya alama moja ni ratili moja mgongoni. Mwenye 80 anabeba ratili 10 zaidi ya mwenye 70. Akishinda, alama zinapanda. Kwa hiyo farasi aliyetoka kushinda anaweza kuwa na kazi ngumu kuliko alipokuwa akishindwa, na aliyeshindwa mara kadhaa anashushwa hadi anafika kiwango alichoshindia zamani. Huwa naandika kila farasi alishinda mwisho akiwa na alama ngapi. Ni kazi ya dakika tano kwa mbio moja, na inalipa kuliko kusikiliza wachambuzi wa kwenye televisheni.

Hali ya ardhi, kuanzia ngumu hadi tope zito, nitaigusa kwa ufupi: soma ilivyotangazwa asubuhi, angalia mvua, na ujue kila farasi ameshinda kwenye ardhi ya namna gani. Mvua ikinyesha saa nne asubuhi, bei zinaanza kutembea, na mara nyingi aliyeamka mapema anapata odi nzuri.

Baada ya hapo naandika asilimia yangu kwa kila farasi ninayemfikiria, ndipo nafunua bei. Tuseme nimempa fulani asilimia 25. Bei yake halali kwangu ni odi 4. Soko likitoa 5, naingia. Likitoa 3.5, namwacha, hata kama moyoni naamini ana uwezo wa kushinda. Kuna siku anashinda kweli wakati nimemwacha, na sijuti, kwa sababu kununua kwa 3.5 kitu chenye thamani ya 4 ni hasara inayojirudia.

Dau nalipanga kwa kanuni ya John Kelly, mtafiti wa maabara ya Bell Labs aliyeitoa mwaka 1956. Kwa mfano huo wa asilimia 25 na odi 5, kanuni inasema uweke asilimia 6.25 ya mtaji. Hiyo ni nyingi mno kwa binadamu ambaye makadirio yake yana makosa, kwa hiyo naweka robo yake, kama asilimia moja na nusu. Mtaji wenyewe ni pesa niliyoitenga kabisa, haigusi kodi ya nyumba wala ile ninayotuma nyumbani.

Kitu ambacho soko limenipa na sijakipata pengine ni bei ya mwisho. Mbio zinapoanza, bei ya sokoni imeshakusanya maoni ya watu wote, wakiwemo wanaotumia kompyuta na hesabu nzito. Bill Benter, aliyetajirika kwa mbio za Hong Kong, aliunganisha makadirio ya kompyuta yake na bei ya umma badala ya kuupuuza umma, na aliandika hilo mwaka 1994. Kwa hiyo kwenye daftari langu kila beti ina safu ya odi niliyochukua na safu ya odi ya mwisho. Nikiwa nimechukua 5 na bei ikafunga 4.2, beti ilikuwa nzuri hata kama farasi alimaliza wa mwisho. Matokeo ya mwezi mmoja yanadanganya, kwa sababu hata farasi wanaopewa nafasi kubwa zaidi, wenye odi ndogo kuliko wote, hushinda takriban theluthi moja tu ya mbio. Safu hizo mbili zinasema ukweli mapema zaidi.

Wale wa odi 50 na kuendelea niwaonye. Tangu 1949 mwanasaikolojia Richard Griffith alishaonyesha kwamba watu huwalipia kupita kiasi farasi wasio na nafasi, na tabia hiyo imeonekana tena na tena tangu hapo. Ndoto ya kushinda mara hamsini inauzwa ghali.

Kasoro zipo. Asubuhi pesa sokoni ni kidogo, hasa kwenye mbio ndogo za siku za kazi, na ukitaka kuweka dau la maana unaweza kukosa wa kukutana naye. Kubeti dhidi ya farasi kunahitaji utulivu: ukipokea dau la pauni 10 la mtu kwa odi 3, akishinda unamlipa pauni 20, na kwa odi 20 unamlipa 190. Kubeti mbio zikiwa zinaendelea siwashauri kabisa. Picha unayoiona nyumbani imechelewa sekunde kadhaa, na upande wa pili yuko mtu aliye uwanjani anayewaona farasi kwa macho yake.

Faida za ushindi wa kubeti hazitozwi kodi kwa mchezaji hapa Uingereza, na tangu Aprili 2020 kadi za mkopo haziruhusiwi kubetia, jambo ninaloliunga mkono kwa dhati. Weka kikomo cha kuingiza pesa siku ile ile unapofungua akaunti. Ukiona umeanza kufukuzia hasara, GAMSTOP, huduma ya kujizuia kubeti, ni bure na inakufungia kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya nchi hii. Itumie bila aibu.

Kuna sehemu moja tu ambapo naliacha soko na kwenda kampuni: beti ya kushinda-au-nafasi kwenye mbio za farasi wanane kamili. Nusu ya dau ni ya ushindi, nusu ni ya kuingia tatu bora, na nusu hiyo ya pili hulipwa moja ya tano ya faida ya odi. Chukua farasi wa odi 6. Nusu yake ya nafasi inalipa sawa na odi 2. Kama mbio zina farasi mmoja mwenye nguvu sana, wa pili ni huyu wako, na sita waliobaki ni dhaifu, nafasi yake ya kuingia tatu bora inaweza kuwa asilimia 60, wakati bei inadai 50. Jihadhari na farasi kujitoa, maana wakibaki saba wanalipwa wawili tu wa kwanza. Kampuni zinazijua beti hizi vizuri sana. Kampuni moja niliyokuwa nikizipeleka huko ilinipunguzia kikomo hadi dau la pauni chache, bila maelezo yoyote zaidi ya barua pepe ya mistari miwili. Sokoni hawajawahi kunigusa, kwa sababu pesa ninayoshinda pale haitoki mfukoni mwao.