Mazoezi ya Jumamosi kwa viungo vijana, Nyegezi: wanafundisha macho vizuri, karatasi ya alama inawaharibia

Kaa jukwaani kwenye uwanja wa Nyamagana, Mwanza, vijana wa chini ya miaka 17 wakicheza, utasikia kelele zote zinamwangukia namba sita, yaani kiungo anayecheza mbele ya mabeki. Akikaa na mpira, "achia!" Akimrudishia beki, ni mwoga. Akijaribu pasi mpenyezo, ile ya kupita katikati ya wapinzani, ikakatwa, watu wanataka atolewe. Tangu Pamba Jiji, timu ya Mwanza, ilipopanda tena Ligi Kuu mwaka 2024 ubishi huo umepamba moto zaidi, maana kila mtu anamwona kijana wa mtaani kwake akicheza uwanja wa Kirumba siku moja. Ndiyo sababu mazoezi haya ya Jumamosi, yanayolenga uamuzi wa pasi tu, yanastahili kutazamwa kwa makini. Jina la kituo na majina ya watoto hayatatajwa hapa, kwa kuwa wengi wana miaka 13 hadi 16.

Ada ni Sh 20,000 kwa mwezi, Jumamosi nne, saa moja asubuhi hadi saa tatu. Muda huo umechaguliwa vizuri: jua halijawa kali, na upepo wa kutoka ziwani, ambao mchana huwa unasukuma mipira mirefu, bado haujaanza.

Kilicho bora kabisa ni zoezi la kwanza. Mraba wa mita 12 kwa 12, wanne pembeni, wawili kati wanakaba, kugusa mara mbili tu. Hapo kocha haangalii miguu, anaangalia shingo. Anataka kiungo atazame nyuma ya bega mara mbili: mwenzake anapojiandaa kupiga, kisha tena mpira ukiwa njiani. Pasi ya mita 15 iliyopigwa kwa nguvu ya kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu kufika, na muda huo unatosha kutazama mara moja na kurudisha macho kwenye mpira. Anayesubiri mpira ufike ndipo aanze kutafuta mtu, tayari kabanwa. Mashabiki humwita mzito wa miguu, kumbe kilichochelewa ni macho. Profesa Geir Jordet wa Norwei aliwachunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa jambo hilihili, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama huku na huku mara nyingi zaidi kabla ya kupokea.

Jambo la pili wanalolifundisha sawasawa ni mwili. Mtoto anasimama ubavu, bega moja kwa mpigaji na jingine kwa goli la wapinzani, na anapokea kwa mguu wa mbali. Kuna kijana mmoja wa mguu wa kulia alikuwa anaupokea kwa mguu wa karibu, mpira unakwama chini ya soli, anahitaji mguso wa pili kuutoa na wa tatu kupiga. Kocha alimsogeza nusu hatua tu na kumgeuza nyonga. Pasi iliyofuata aliipokea kwa ndani ya mguu wa kulia, mpira ukasonga mbele kama mita moja, na mguso wa pili ukawa tayari pasi kwa winga. Hakuwa amefundishwa pasi mpya. Alikuwa amepunguziwa mguso mmoja.

Zoezi la rangi lina kasoro. Kocha msaidizi anasimama nyuma ya mchezaji akiinua koni nyekundu au ya njano, na mchezaji ataje rangi kabla mpira haujamfikia. Wazo ni zuri, ila msaidizi husimama palepale kila mara, upande wa kushoto. Watoto wameshamzoea: wanageuza shingo kushoto, wanataja rangi, na kulia hawatazami kabisa. Kwenye mechi mkabaji anatokea kulia na mpira unaporwa. Dawa yake ni rahisi. Waondoe koni, waweke wakabaji wawili wa kweli, mmoja aruhusiwe kuingia mpira ukiwa njiani, na mpokeaji aamue mwenyewe kugeuka au kuurudisha. Wenzake wapige kelele, "mtu!" au "geuka!", kama kwenye mechi.

Sasa karatasi. Kila mwisho wa mwezi mzazi anapewa ya pasi: zilizofika, zilizopotea, asilimia. Hapa ndipo kituo kinajibomolea kazi yake. Kiungo anayepiga pasi 40, thelathini na tano kati ya hizo kwa mabeki wake bila kubanwa, ataonekana bora kuliko anayepoteza kumi akijaribu kuvunja mstari wa kati wa wapinzani. Watoto si wajinga. Wakishajua wanahesabiwa hivyo, wanaacha kutazama mbele. Kwenye mechi ya ndani ya mwisho wa mwezi kijana mwenye alama za juu kabisa alikuwa akipokea, anageuka nyuma, anampa beki, na straika wake aliyekuwa huru kati ya mabeki wawili hakuonwa.

Karatasi yenye maana ingegawanya uwanja sehemu tatu. Mpira uliopotea karibu na kumi na nane yako, yaani eneo la penalti mbele ya goli lako, ni kosa kubwa, hasa siku hizi: tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019, mchezaji anaruhusiwa kupokea goli kiki ndani ya kumi na nane yake, na namba sita mdogo hujikuta na mpira huko adui akiwa mgongoni. Pasi inayokatiza mbele ya goli lako hapo isisamehewe kirahisi. Lakini mpira uliopotea theluthi ya mwisho kwa pasi mpenyezo iliyokosea nusu mita ni wa kuhimizwa. Kando ya kila pasi iliyopotea ziandikwe alama mbili: alibanwa au hakubanwa, na alikuwa na chaguo jingine au hakuwa nalo. Msaidizi mmoja mwenye daftari anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mechi ya dakika 40 akimfuatilia mchezaji mmoja tu. Mabishano ya jukwaani yangepungua nusu wazazi wakiona karatasi kama hiyo.

Vifaa vinatosha, mipira 14 kwa watoto 24, ila imejazwa upepo mpaka imekuwa migumu kama jiwe. Kwenye uwanja wa changarawe mpira wa hivyo unadunda juu ya goti na kontroo inaharibika kabla ya uamuzi wowote. Sheria inataka mpira wa saizi 5 uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, gramu 410 hadi 450, na shinikizo la angahewa 0.6 hadi 1.1. Kwa changarawe wajaze upande wa chini wa kiwango hicho. Na wale wadogo wa chini ya miaka 12 wanaoruhusiwa kujiunga wanapigishwa saizi 5, wakati wanapaswa kupewa saizi 4. Mguu mdogo ukisukuma mpira mkubwa, pasi inakuwa fupi na mtoto anaanza kuogopa kupiga mbali.

Kwa kiungo wa miaka 13 hadi 16 mazoezi haya yana thamani ya ada yake, kwa sababu ya saa ya kwanza peke yake. Mwambie mwanao asijali asilimia, na umwombe kocha akuonyeshe zile pasi za mbele zilizopotea na kwa nini zilipotea. Yupo tayari kueleza ukimfuata baada ya saa tatu. Usajili ni palepale uwanjani. Aje na njumu za meno mafupi mengi, ambazo zitamfaa pia akienda kwenye nyasi bandia za Nyamagana, maana meno marefu hunasa humo na kuumiza magoti. Aje pia na maji lita moja na jezi mbili za rangi tofauti.